Kompyuta ya injini haioni sensa, inaona volti

Gari liliingia likiwa na sensa mpya ya joto la maji, ya tatu ndani ya miezi miwili. Mbili za kwanza zilikuwa kwenye mfuko wa plastiki, na mwenye gari alinikabidhi mfuko ule kama anayekabidhi ushahidi. Taa ya injini inawaka, feni ya rejeta inazunguka tangu swichi inapofunguliwa, kuwasha ni kwa kubembeleza, na likiwaka linatoa moshi mweusi. Skana, chombo kinachosoma makosa yaliyohifadhiwa na kompyuta ya gari, ikatoa namba ya kosa P0118. "Fundi, na hii nayo ni mbovu?" Haikuwa mbovu. Zile za mfukoni nilizipima baadaye, nazo zilikuwa nzima.

Sensa nyingi zinazotupwa (vitabu vinaita vihisi, karakana inaita sensa) zinatupwa kwa sababu ya namna tunavyosoma namba ya kosa. Mtu anaona maneno "joto la maji" kwenye skana, anakimbilia kununua sensa ya joto la maji. Lakini P0118 haisemi sensa imekufa. Inasema kwamba kwenye mzunguko wa joto la maji, volti imekaa juu kuliko inavyotakiwa. Mzunguko maana yake ni kompyuta, waya wa ishara, soketi, sensa, na waya wa kurudi hasi. Kompyuta haina macho ya kuiona sensa. Inaona volti kwenye pini yake, basi.

Twende taratibu hapa, kwa sababu ukielewa sensa ya joto ya waya mbili, nyingine zinakuwa rahisi. Ndani ya kompyuta kuna volti 5 zinazopita kwenye rezista (kipande kinachokinza mkondo, ukinzani wake unapimwa kwa omu) isiyobadilika, kisha zinatoka kwenye waya wa ishara. Sensa yenyewe ni rezista ambayo ukinzani wake unapungua kadiri inavyopata joto, na mguu wake wa pili unarudi kwenye hasi. Kompyuta inapima volti pale katikati, baina ya rezista yake na sensa. Chukua mfano: rezista ya ndani iwe omu 2,500, na sensa nayo iwe omu 2,500 maji yakiwa nyuzi 20. Zinagawana sawa kwa sawa, kompyuta inaona volti 2.5. Maji yakifika nyuzi 80, sensa ya aina hiyo inashuka hadi kama omu 300, na volti inaanguka hadi nusu volti hivi.

Sasa kata waya. Hakuna mkondo, hakuna kinachovuta volti chini, kompyuta inaona 5 kamili na skana inaandika nyuzi 40 chini ya sifuri. Gusisha waya wa ishara kwenye bodi ya injini, yaani chuma chake, ambacho ni hasi: volti sifuri, skana inaruka juu hadi nyuzi 130 au zaidi, kutegemea gari. Kwa hiyo ukikuta gari linadai maji yake yana hasi 40 na wewe jasho linakutiririka, hiyo si habari ya joto hata kidogo. Ni habari ya waya uliokatika mahali fulani, au sensa iliyokatika ndani.

Hapo ndipo ninapopenda kufanya kitu ninachokiita kugeuza kosa. Kama skana inaonyesha joto la juu mno, yaani P0117, volti iko chini: chomoa soketi ya sensa uangalie skana. Ikidondoka hadi hasi 40, kompyuta na waya wa ishara viko salama, sensa ndiyo yenye shoti. Isipodondoka, waya wa ishara umechubuka na unagusa chuma mahali fulani, au tatizo liko ndani ya kompyuta. Kama ni P0118, fanya kinyume: chomoa soketi, unganisha pini zake mbili kwa kipande cha waya. Joto likiruka juu, njia nzima ni nzima na sensa ndiyo imekatika. Kazi ya dakika mbili, haitaki mita wala mchoro. Ila ni kwa sensa za waya mbili za joto tu. Usiende kuunganisha pini za sensa ya waya tatu kwa kubahatisha, na usipeleke volti 12 kwenye waya wowote wa ishara. Kompyuta haisamehe.

Nikafanya hivyo kwenye gari letu. Niliunganisha pini mbili: skana ikabaki hasi 40. Nikatoa waya ule wa kuunganishia kwenye pini ya hasi, nikaugusisha kwenye bodi ya injini, upande mwingine ukiwa bado kwenye waya wa ishara: joto likaruka hadi juu. Maana yake waya wa ishara hauna shida, kompyuta haina shida, sensa hatujaigusa kabisa. Ubovu uko kwenye waya wa kurudi.

Fundi aliyelishika gari kabla yangu hakuwa mvivu, na alinieleza kwa simu alichokifanya. Alichomoa soketi, akaweka mita kwenye pini zote mbili, akaona volti 4.9. "Umeme unafika na hasi ipo, sasa kosa liwe wapi?" Nikarudia kipimo chake. Kweli, 4.9. Mita haikumdanganya, ila alikuwa ameiuliza swali lisilo lake. Mita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni 10, kwa hiyo inapopima volti haivuti mkondo wowote wa maana. Waya ukiwa umeliwa na kutu hadi ukabaki unga tu wenye unyevunyevu, kamkondo hako kadogo kanapita na mita inakuonyesha volti nzuri. Ukichomeka sensa, mkondo unaotakiwa unakuwa mkubwa mara elfu kadhaa, na hapo njia inagoma. Ni kama bomba lililoziba: ukifunga koki yote, mgandamizo uko palepale, fungua uone maji yanayotoka.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni cha volti inayopotea njiani, sensa ikiwa imechomekwa na swichi imefunguliwa. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu nyuma ya soketi kwenye waya wa hasi wa sensa. Waya mzima unatakiwa uonyeshe karibu na sifuri, mimi nikiona zaidi ya volti 0.05 kwenye hasi ya sensa naanza kutafuta. Pale nilisoma 4.9. Volti zote za mzunguko zilikuwa zinaishia kwenye waya ule. Kupima omu za waya uliochomolewa pande zote mbili kungeweza kunionyesha hapa, lakini kipimo hicho nacho kina ujanja wake: waya wenye nyuzi 20 za shaba zikikatika 19, ule mmoja uliobaki bado utakuonyesha omu karibu na sifuri. Kwa waya unaobeba mkondo mkubwa, kama wa pampu ya mafuta au hasi kuu ya injini, huo ni mtego kamili.

Kukatika kabisa kuna heri yake, maana taa inawaka. Kinachonisumbua zaidi ni waya unaodanganya kwa adabu. Rudi kwenye mfano wetu. Weka kutu ya omu 500 kwenye soketi. Injini ikiwa baridi, sensa ina omu 2,500, kompyuta inaona jumla ya 3,000, inadhani ni nyuzi 15 badala ya 20. Hakuna atakayegundua. Injini ikipata moto, sensa inashuka hadi omu 300, lakini kompyuta inaona 800, na 800 kwa sensa ile ni nyuzi 50 hivi. Kutu ileile moja, asubuhi inakosesha nyuzi tano, mchana inakosesha nyuzi 30. Hakuna namba ya kosa la mzunguko, kwa sababu nyuzi 50 ni joto linalowezekana. Gari linakunywa mafuta, feni inachelewa kuwaka, na baada ya siku chache inakuja P0128, ile inayosema maji hayafiki joto linalotakiwa. Kila mtu anabadilisha thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Kabla hujaigusa thamostati, pima joto la bomba la juu la rejeta kwa kipimajoto cha mwanga, kisha linganisha na skana. Vikiachana kwa nyuzi 30, thamostati haina kesi.

Sensa za waya tatu, kama za mkao wa throtoli, mgandamizo wa manifoldi au mgandamizo wa gesi ya kiyoyozi, zinapewa volti 5 zao moja kwa moja, hasi, na waya wa ishara. Hapa hadithi inabadilika, maana kwenye magari mengi sensa kadhaa zinachangia waya mmoja wa volti 5. Moja ikipiga shoti ndani, zote zinazima pamoja. Niliwahi kuletewa gari lenye namba saba za makosa, kila moja ya sensa tofauti, na injini haiwaki. Sensa saba hazifi usiku mmoja. Niliweka mita kwenye waya wa volti 5 wa sensa ya throtoli, nikakuta 0.3. Nikaiacha mita palepale, nikaanza kuchomoa sensa moja moja. Nilipochomoa ile ya mgandamizo wa gesi ya kiyoyozi, mita ikapanda hadi 5.0 na injini ikawaka kwa stata ya kwanza. Nani angeanzia kwenye kiyoyozi kwa gari lisilowaka? Na kama ukichomoa zote na volti hazirudi, shoti iko kwenye waya: fuata fungu la waya pale linapopita karibu na ekzosi au linaposugua bano la chuma.

Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini, nitaipitia haraka. Ya waya mbili yenye koili na sumaku inazalisha umeme wake yenyewe, kwa hiyo mita iwe kwenye volti za AC (umeme unaogeuka mwelekeo) wakati stata inazungusha. Ya waya tatu inataka chakula, yaani volti za kuiendesha, na hasi, na ishara yake inaruka kati ya juu na chini. Kuipima omu hakukuambii kitu. Aina zote mbili zina tabia ya kufa zikipata moto na kufufuka zikipoa, kwa hiyo kuipima asubuhi gari likiwa limelala hakusaidii. Angalia mizunguko ya injini kwa dakika (RPM) kwenye skana wakati gari limegoma: stata inazungusha lakini skana inasema sifuri, anzia hapo.

Na tafadhali, taa ya majaribio ya balbu ya kawaida kaa nayo mbali na waya za kompyuta. Inavuta mkondo mwingi kuliko saketi zile zilivyotengenezwa kuutoa. Ni kifaa kizuri sana kwa fyuzi na waya za chakula kikubwa. Hapo, tofauti na mita, inaulizia mkondo kwelikweli.

Turudi kwa mwenye mfuko. Nilifungua tepu ya fungu la waya kuanzia kwenye soketi, nikiuvuta waya wa hasi polepole kati ya vidole. Sentimita kumi hivi kutoka kwenye soketi, waya ukalegea mkononi kama uzi wa mpira. Ganda la nje zima, ndani hakuna shaba, ni unga wa kijani. Nikauleta karibu na taa. Kulikuwa na tundu dogo la sindano kwenye ganda. Mtu aliwahi kuutoboa apime volti, maji yakapata mlango.

Gari lile nilikuwa nalijua. Nilikuwa nimelishika miaka miwili nyuma kwa shida nyingine kabisa, na siku zile nilikuwa nabeba mita yenye ncha kali za kutobolea waya, naona ni haraka kuliko kuingiza pini nyembamba nyuma ya soketi. Nilimwambia mwenye gari hivyohivyo. Alicheka kidogo, kisha akauliza nani atalipia sensa mbili za mfukoni, nikamwambia ni mimi. Zile ncha sizitumii tena.

Nilikata kipande chote chenye kijani, nikarudi nyuma hadi kwenye shaba inayong'aa, nikaunga kwa kulehemu risasi na kuvisha mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani. Volti inayopotea kwenye hasi ikawa 0.01. Nilizungusha na kutikisa fungu lile huku skana iko wazi, joto halikuruka hata nyuzi moja. Nikalilaza gari karakana. Asubuhi, kabla ya kuwasha, nilifungua swichi na kusoma sensa mbili kwa pamoja, ya maji na ya hewa inayoingia, kwa sababu injini iliyolala usiku kucha haina sababu ya kuzifanya zitofautiane. Maji 22, hewa 22, na feni kimya.