Je, wajua? Neno refu kuliko yote la Kiingereza lilitungwa makusudi liwe refu

Hapa Tabora wanafunzi wa sekondari wakianza kutambiana Kiingereza lazima swali la neno refu kuliko yote litokee, na mara nyingi anayeshinda ni yule anayeweza kutamka antidisestablishmentarianism bila kukwama. Ni refu kweli, herufi 28, lakini siyo lenyewe. Kwenye kamusi kubwa kama za Oxford linaloongoza ni hili hapa: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Hesabu mwenyewe, herufi 45.

Usiogope, likate vipande tu. Pneumono ni mapafu, ultramicroscopic ni kitu kidogo mno kupita hata uwezo wa hadubini ya kawaida, silico ni silika yaani yale madini yaliyojaa kwenye mchanga na mawe, volcano ni volkano, alafu coniosis ni ugonjwa wa vumbi. Kwahiyo ni ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini sana la silika kutoka volkano. Vipande vingi ni vya Kigiriki na Kilatini, na ndo siri yenyewe hiyo, Kiingereza cha kisayansi kinaokota vipande vya lugha hizo mbili na kuviunganisha kadri mtu anavyotaka, hakuna kanuni inayosema sasa inatosha simama.

Na huyu aliyeunganisha hili hakuwa daktari anayetafuta jina la ugonjwa. Ni Everett Smith, rais wa chama cha wapenzi wa mafumbo ya maneno kule Marekani, alilitoa mwaka 1935 kwenye mkutano wao, lengo liwe refu basi. Magazeti yakalidaka, baadae kamusi zikaliingiza.

Lakini ugonjwa wenyewe upo jamani, na madaktari wanauita kwa jina fupi tu, silikosisi. Hauhitaji volkano. Sisi wa mkoa huu tunatakiwa tuujue vizuri kwa sababu Nzega kuna dhahabu na kuna wachimbaji wadogo, na dhahabu mara nyingi inakaa kwenye yale mawe meupe magumu ambayo yamejaa silika, sasa ukiyatoboa makavu au ukiyasaga kwenye karasha lile vumbi linaingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki, linaacha makovu, mtu anaanza kukohoa na kukata pumzi taratibu miaka inavyoenda. Hauna dawa ya kuuponya, na unamfanya mtu apate kifua kikuu kirahisi zaidi. Kinachosaidia ni kuzuia, kumwagia mawe maji ili vumbi lisipae, na kuvaa barakoa ile ya kuchuja vumbi, siyo kitambaa. Na ukienda hospitali na kikohozi kisichoisha mwambie daktari kabisa kwamba unafanya kazi ya karasha. Mimi naona hili ni muhimu kuliko zile herufi 45 zote.

Tukirudi kwa lile la herufi 28, lenyewe lina heshima yake maana lilizaliwa kwenye ugomvi wa kweli. Karne ya 19 Uingereza kulikuwa na watu wanaotaka Kanisa la Anglikana liachane na serikali, na wengine wakapinga, sasa msimamo wa hao waliopinga ndo ukapata jina hilo. Ireland kanisa lilitenganishwa na dola mwaka 1871, ila England mpaka leo mfalme ndiye mkuu wake.

Shakespeare naye anayo ya herufi 27, honorificabilitudinitatibus, uzuri wake ni kwamba konsonanti na irabu zinapishana moja moja mwanzo mpaka mwisho, karibu kama silabi zetu.

Kuna watakaokwambia neno refu ni jina la kikemia la titini, protini kubwa inayokaa kwenye misuli, likiandikwa lote linafika herufi 189,819. Kwangu hiyo ni fomula tu, imeorodhesha kila kijenzi cha hiyo protini kwa mpangilio wake, na kamusi haziliweki.

Sasa Kiswahili je? Sisi tunarefusha kwa njia nyingine, kitenzi kinabeba mtendaji, wakati, mtendewa na nia yote kwa pamoja. Chukua watakaotuandikishia, herufi 19, ukilipeleka kwenye Kiingereza linakuwa fungu zima la maneno kadhaa, na mtoto wa chekechea pale Isevya analielewa bila kulikata vipande. Kinyamwezi na Kiha navyo vinajenga vitenzi hivyohivyo maana ni Kibantu wote. Ila ukilitafuta kwenye kamusi hulipati, utakuta andika na andikisha tu, hayo mengine yote msemaji anayaunganisha mwenyewe papo hapo akiwa anaongea.