Shabaha ya muda mrefu ya uchumi na deni la taifa: maana yake

Shabaha ya muda mrefu ni namba ambayo serikali inajifunga kuifikia baada ya miaka kumi, ishirini au zaidi: pato la kila mtu, kiwango cha deni, au sehemu ya bajeti inayogharamiwa na kodi za ndani. Kaulimbiu ni kitu kingine. "Uchumi imara" haupimiki. "Deni lisizidi asilimia 60 ya pato la taifa" linapimika, na yeyote mwenye takwimu anaweza kuhoji.

Kazi huanza kwa kuhesabu kinyumenyume. Ukitaka pato la taifa liongezeke maradufu ndani ya miaka 10, tumia kanuni ya 70, njia ya mkato ya kukadiria muda wa kufika maradufu, na ugawe 70 kwa 10: uchumi lazima ukue kwa takriban asilimia 7 kila mwaka. Kwa asilimia 5, utasubiri miaka 14. Na hapo hujagusa idadi ya watu. Wakiongezeka kwa asilimia 3, ukuaji huo wa asilimia 5 unambakishia kila mtu kama asilimia 2 tu, na pato lake litachukua miaka 35 kufika maradufu. Dira nyingi hukwama hapa tangu siku ya uzinduzi. Namba ya mwisho ilichaguliwa kwa kuwa inapendeza, na kasi inayohitajika haikuandikwa popote.

Kwa upande wa fedha za umma, namba mashuhuri zaidi ni za Mkataba wa Maastricht wa 1992, uliounda Umoja wa Ulaya: nakisi (matumizi ya serikali yanayozidi mapato yake ya mwaka) asilimia 3 ya pato la taifa, deni asilimia 60. Wengi huzisoma kama vikomo viwili visivyohusiana, kumbe zinashikana. Nakisi ikiwa 3 kila mwaka, na pato la taifa likikua kwa 5, mfumuko wa bei ukiwemo, deni hutulia karibu na 60, yaani 3 kugawa kwa 0.05. Ukuaji ukishuka hadi 3 huku nakisi ikibaki ileile, deni huelekea 100. Hakuna aliyefuja kitu. Uchumi umepoa tu. Ndiyo maana kunakili kikomo cha nchi nyingine bila kupima ukuaji wako ni kubahatisha, hasa kama mikopo yako ni ya fedha za kigeni: sarafu ikishuka thamani, deni hupanda bila kukopa hata senti.

Shabaha ikishawekwa, hushushwa kwenye mpango wa miaka mitano, kisha makadirio ya miaka mitatu ya mapato na matumizi, kisha ukomo wa bajeti wa kila wizara. Mnyororo hukatika zaidi kwenye makadirio ya mapato. Yakikuzwa, matumizi hupangwa juu ya fedha ambazo hazitakuja. Mwisho wa mwaka wakandarasi hawajalipwa, na kwa kuwa hesabu nyingi hurekodi fedha iliyotoka mkononi, malimbikizo hayo hayaonekani kwenye nakisi. Dhamana za mikopo zilizotolewa kwa mashirika ya umma nazo hujificha hivyohivyo, hadi shirika linaposhindwa kulipa.

Kipimo chenyewe pia huweza kusogea. Mwaka 2014 Nigeria ilibadilisha mwaka wa msingi wa takwimu zake (mwaka ambao bei na muundo wa uchumi wake hutumika kupimia pato) kutoka 1990 hadi 2010, na pato lake la 2013 likaongezeka kwa asilimia 89 kwenye karatasi. Marekebisho hayo ni halali, na yalikuwa yamechelewa mno. Lakini uwiano wa deni hushuka ghafla, wakati mapato ya kulipia riba ni yaleyale ya jana. Kwa hiyo angalia pia riba inakula asilimia ngapi ya kodi.

Nchi zinazotegemea madini au mafuta zina tatizo lao: mwaka wa bei nzuri, kila shabaha huonekana imefikiwa. Chile, tangu 2001, hupanga matumizi kwa kufuata bei ya shaba ya muda mrefu, inayokadiriwa na wataalamu huru, badala ya bei ya mwaka huo.

Kanuni pia inahitaji mlango wa dharura wenye masharti. Ujerumani iliweka kwenye katiba mwaka 2009 kwamba nakisi ya kimuundo ya serikali kuu, yaani inayobaki baada ya kuondoa athari za kupanda na kushuka kwa uchumi, isizidi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Janga la korona lilipofika mwaka 2020, kikomo hicho kilisimamishwa kwa kura ya bunge, na katiba ileile ilidai deni la ziada liambatane na ratiba ya kulilipa.