Anza na sikio, ukurasa utafuata

Nasomesha Fasihi ya Kiswahili katika shule ya upili hapa Lamu. Kila mwaka napokea wanafunzi wanaonambia wazi kwamba kusoma hawakupendi. Hao hao ukiwakuta barazani wanasimulia mbio za punda mpaka wazee wanasahau kahawa yao, na wakati wa Maulidi wanaghani kaswida ndefu bila karatasi. Hadithi wanaipenda na ushairi wanao. Kinachowashinda ni ukurasa.

Anayesoma kwa shida hutumia nguvu zake zote kutambua neno moja moja. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka. Ukimwambia akasome sura nzima nyumbani, atanunua mwongozo akariri muhtasari. Atajua nani kafa na nani kaolewa, ila hatakuwa amemsikia mhusika hata mmoja akizungumza. Miongozo hiyo naichukia, nasema kweli.

Kwa hivyo tunapoanza riwaya au tamthilia, vitabu huwa vimefungwa. Natafuta mahali penye majibizano makali, hata kama ni katikati ya kitabu, nasoma mwenyewe kwa sauti. Mhusika akikaribia kuamua, nanyamaza. "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Juzi msichana mmoja alisimama: "Mwalimu, huyu mama hana makosa, kalazimishwa." Kijana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida hulaza kichwa, akapinga kwa ukali. Nikawaambia wafungue ukurasa, kila upande uniletee maneno ya kuutetea. Kijana yule akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi juu, akaanza tena, hadi akalipata jibu la yule mama kwa mumewe. Akalisoma kwa sauti bila kuombwa.

Kumsimamisha mwanafunzi dhaifu asome papo hapo mbele ya wenzake ni kumfedhehesha, na aliyefedheheshwa na kitabu hukikimbia. Mpe mistari yake tangu jana, mitatu au minne, akaizoee.

Kwa ushairi, sisi wa visiwa hivi tuna bahati kubwa. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858 na mwanamke wa huku huku kwetu: mama mgonjwa anamwita bintiye aje akae karibu, na wino na karatasi, amwachie wasia. Tunaughani kwanza. Kisha wanapiga makofi, silabi moja kofi moja, mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne kwa ubeti. Mmoja akimeza silabi, darasa zima linamrudisha kabla sijafungua mdomo. Wanasikia pia kwamba vipande vitatu vina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho yenye mlio mmoja, na cha nne kinarudi kwenye kina kinachopita utendi mzima. Nikija kuandika "mizani" na "vina" ubaoni, nataja tu majina ya vitu ambavyo masikio yao yameshavijua.

Wenzangu huuliza kuhusu mtihani. Karatasi ya tatu ya Kiswahili, ile ya Fasihi, katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya upili Kenya, ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, na dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, haliikosi. Kueleza muktadha wa dondoo ni kusema nani anasema, anamwambia nani, wako wapi na kwa sababu gani. Aliyembishia mwenzake juu ya maneno hayo anayajibu yote manne bila kukariri. Aliyeshika muhtasari anakwama kwenye "wapi".

Kipindi ni dakika 40, na silabasi ni ndefu, najua. Dakika kumi za kusomewa zinatosha, kumi na tano za mabishano, zilizobaki za kuchimba ukurasani. Maudhui na sifa za wahusika nayaacha kwa kipindi kinachofuata. Kazi ya nyumbani ni kurasa mbili tu, kuanzia pale pale niliponyamaza.