Unaposema una amani moyoni

Jumamosi iliyopita nilishuka mwaloni Kibirizi kununua dagaa. Mama mmoja tunayesali naye alikuwa kwenye chanja yake, akiwageuza dagaa kwa viganja ili jua liwapate upande wa pili. Akaniamkia, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema bila kuacha kazi: “Mwalimu, lile jambo nimeliombea siku tatu. Nasikia amani kabisa.”

Jambo lenyewe (ameniruhusu kuliandika bila kumtaja) ni hili. Yeye ndiye mtunza fedha wa kikoba chao. Kuna kijana amemwahidi kwamba akimpa fedha, baada ya mwezi atamrudishia mara mbili. Mama hana akiba ya kutosha, ila sanduku la kikoba liko kwake. Angechukua, angerudisha, na wenzake wasingejua.

Nafundisha Agano la Kale kwa wainjilisti hapa Kigoma, na maneno hayo nayasikia kila mara. Watu wanaoa kwa sababu wanasikia amani, wanaacha wake, wanahama makanisa. Siidharau amani itokayo kwa Mungu, nimeionja. Lakini Biblia haimwambii mtu apime jema na baya kwa jinsi moyo wake ulivyotulia. Yona alilala usingizi mzito ndani ya merikebu, na safari yenyewe ilikuwa ya kumkimbia Mungu. Bwana wetu naye, usiku ule wa Gethsemane, alikuwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, na jasho lake likawa kama matone ya damu.

Mahali ninapopenda kuwapeleka watu ni Yeremia 28. Nebukadneza, mfalme wa Babeli, amekwisha kumchukua mfalme Yekonia wa Yuda pamoja na vyombo vya hekalu. Nabii Hanania anasimama mbele ya makuhani na watu wote, anasema ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi. Fikiria walivyosikia mioyoni mwao waliokuwa na ndugu kule Babeli! Yeremia anajibu: “Amina, BWANA na atende hivi.” Soma tena hapo. Yeremia alitamani Hanania awe sahihi. Moyo wake ulikuwa upande ule ule wa watu wake. Hata hivyo hakulibadilisha neno alilopewa, kwamba watu wataendelea kumtumikia mfalme wa Babeli. Hanania akamvua shingoni nira ya mti aliyoivaa kuwa ishara ya neno hilo, akaivunja hadharani, na Yeremia akaenda zake. Mwaka huo huo, mwezi wa saba, Hanania akafa.

Sura inayofuata ndiyo yenye ule mstari tunaoubandika kwenye bajaji, wa mawazo ya amani wala si ya mabaya. Ni barua kwa mateka. Mstari wa 10, ambao haubandikwi, unasema miaka 70. Kwa hiyo hata Neno tunaweza kulichukua vipande vipande, tukabaki na kile tulichotaka kusikia tangu mwanzo. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wasome barua nzima.

Moyo hudanganya pia kwa upande wa pili, na hapo watu huumia zaidi. Mwaka niliomzika mama yangu, niliomba miezi mingi bila kusikia chochote. Nilijiona nimeachwa. Kilichonishika ni Zaburi 88, zaburi inayoishia gizani, bila mstari hata mmoja wa faraja mwishoni. Mtu aliyeomba hivyo aliwekwa ndani ya Maandiko! Na Yohana anaandika kwamba mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu. Sikujisikia vizuri siku hiyo, wala wiki iliyofuata, lakini niliendelea kuomba.

Pale mwaloni nilimsomea mama kwenye simu 1 Wakorintho 4:2, kwamba linalotakiwa kwa wakili, yaani mtu aliyekabidhiwa mali ya mwingine, ni aonekane kuwa mwaminifu. Akanyamaza kwa muda, akaokota majani mawili yaliyokuwa kati ya dagaa, akayatupa.

“Lakini amani niliisikia kweli, mwalimu.”

“Naamini uliisikia, mama. Fedha ni za nani?”

“Za wenzangu.”

Akapangusa mikono kwenye kitenge, akanipimia dagaa wangu, akatoa simu amjibu yule kijana.