Barua za zamani za familia: yanayosemwa na yaliyo kweli

Moto na mchwa vimekula barua nyingi za ukoo, ila maneno ya watu nayo yamekula sehemu yake. Mtu kaambiwa hazina maana, kazichoma. Mwingine kafundishwa jinsi ya kuzitunza, na utunzaji huohuo ukaziua.

“Hifadhi za nyaraka zinataka barua za wakubwa tu”

Dhana hii ndiyo yenye madhara kuliko zote. Vindolanda ilikuwa ngome ya Warumi kaskazini mwa Uingereza, na tangu 1973 wachimbaji wamekuwa wakifukua hapo vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino. Kimojawapo ni mwaliko wa sherehe ya siku ya kuzaliwa, ambao Claudia Severa alimpelekea rafiki yake Sulpicia Lepidina yapata mwaka 100 BK. Sehemu kubwa imeandikwa na karani kwa hati safi. Kisha, mwishoni, mwandiko unabadilika: Claudia kachukua kalamu mwenyewe kumuaga shoga yake. Mistari hiyo michache ni miongoni mwa maandishi ya Kilatini ya kale zaidi yanayojulikana kutoka mkononi mwa mwanamke. Na ni mwaliko tu, kitu ambacho wengi wetu tungekitupa sherehe ikiisha.

“Asiyeandika hakuacha barua”

Kuandikiwa ni desturi ya kale. Katika karne ya 15, Margaret Paston wa Norfolk, Uingereza, alikuwa akitamka na makarani wakiandika. Barua zake kwa mumewe zipo hadi leo. Kwa hiyo usimpime mtu kwa mwandiko ulio mbele yako. Huenda si wake.

“Barua za bibi zitakuwa kwa wajukuu wake”

Barua huenda kwa aliyeandikiwa, na huko ndiko pa kuanzia kutafuta. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu. Leo ziko katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa sababu zilikuwa zikienda kwa Wareno na washirika wao.

Kuna hata zisizofika kokote. Huko The Hague, Uholanzi, sanduku la msimamizi wa posta wa karne ya 17 limebaki na barua zipatazo 2,600. Zama hizo aliyelipa nauli ya barua kwa kawaida alikuwa mpokeaji. Akikataa, akihama au akifa, barua inabaki posta. Mamia hazijafunguliwa mpaka leo. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba wameisoma mojawapo, ya 1697, kwa eksirei bila kuikunjua. Ndani mtu anamwomba binamu yake amtumie cheti cha kifo cha ndugu yao. Makaratasi ya mirathi hayakuanza jana!

“Usiishike bila glavu nyeupe”

Hiyo ni ya kwenye filamu. Kwa karatasi, mikono iliyooshwa ikakauka vizuri inatosha, tena ni salama zaidi: glavu ya pamba hupoteza hisia za vidole na nyuzi zake hunasa penye mpasuko. Glavu ziwekee picha.

“Ipige laminesheni, itadumu”

Joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi, kuvitoa bila kuiumiza ni karibu muhali. Selotepu nayo huacha madoa ya njano. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipo na jua, inatosha. Wala umri si kipimo: karatasi ya 1750 iliyotengenezwa kwa matambara huweza kuwa imara kuliko ya 1900 ya rojo la mbao, inayoliwa na asidi yake yenyewe.

“Niliandikiwa mimi, naweza kuichapisha”

Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshtaki mchapishaji Edmund Curll kwa kutoa barua zake. Mahakama ya Uingereza ikaamua kwamba mpokeaji anamiliki karatasi, ila haki ya kuyachapisha maneno inabaki kwa mwandishi. Nchi nyingi leo zinafuata msingi huo, na mwandishi akifa haki huenda kwa warithi wake hadi muda wa hakimiliki uishe. Kwa hiyo unapokabidhi barua kwenye hifadhi, mkataba utaje mambo mawili: nani ataruhusiwa kuzichapisha, na kama kuna zitakazofungwa kwa miaka kadhaa kwa sababu waliotajwa ndani bado wako hai.