Daraja la tao la mawe: linasimamaje?

Daraja la tao ni lile linalobebwa na mawe yaliyopangwa kwa upinde na kubanana, badala ya boriti iliyolazwa juu ya mto. Jiwe huvumilia sana likikandamizwa, lakini likivutwa au kupindwa hupasuka. Ndiyo maana bamba refu la jiwe likilazwa kuvuka mto mpana hukatika katikati: upande wake wa chini unavutwa. Kwenye tao, kila jiwe limechongwa kama kabari, pana juu, jembamba chini. Likitaka kudondoka linabanwa na majirani zake, na uzito unasukumwa jiwe kwa jiwe hadi kwenye kingo.

Mfano mzuri ni Devil's Bridge, yaani Daraja la Shetani, pale Kirkby Lonsdale, kaskazini mwa Uingereza. Linavuka mto Lune kwa matao matatu, na ni la Zama za Kati. Ukiingia chini yake na kuinua macho, utaona mbavu za mawe zinazotoka nguzo hadi nguzo. Mafundi walijenga mbavu kwanza juu ya kiunzi cha mbao, kisha wakalaza mawe juu yake kuziba nafasi zilizobaki. Hivyo mbao zilizohitajika zilipungua, na mawe pia. Wenyeji wana maelezo yao: Shetani alimjengea bibi kizee kwa malipo ya roho ya kwanza kuvuka, bibi akarusha mkate, mbwa akaukimbilia. Shetani akaambulia mbwa.

Watu husifia lile jiwe la katikati, eti ndilo linaloshika tao zima. Si kweli sana. Ni la mwisho kuwekwa tu, na likishakaa, kazi yake ni sawa na ya wenzake. Hatari kubwa iko mabegani mwa tao, yaani pande zake mbili kati ya kilele na kingo. Kule Wales, fundi William Edwards alijenga tao moja kubwa Pontypridd; mabega yakawa mazito mno, kilele kikafyatuka kwenda juu, daraja likaanguka. Alipolijenga upya, likakamilika mwaka 1756, alitoboa matundu matatu ya mviringo kila upande kupunguza uzito. Bado limesimama.

Lile la Kirkby Lonsdale ni jembamba kwa magari. Tangu 1932, daraja jipya la jirani lilipofunguliwa, limeachiwa watembea kwa miguu.