Je, wajua kwa nini dereva aliyesamehewa bado anafunga miezi miwili?

Saa kumi jioni, barazani Ngamiani, Tanga. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, sahani ya kashata inazunguka, na dereva mmoja anampitishia mwenzake bila kugusa hata moja. Ramadhani ilishapita. Tuseme alimgonga mzee wa baiskeli, mzee akafariki, na watoto wa marehemu wakasema, "Tumesamehe, ni kudura." Sasa anafunga nini?

Msamaha ule ulifuta deni moja tu. Sura ya An-Nisaa, aya ya 92, inamtwika aliyeua muumini kwa bahati mbaya mambo mawili: dia, yaani fidia ya damu, kwa jamaa wa marehemu, na kafara. Dia ni haki ya warithi, na aya yenyewe inawaachia nafasi ya kuisamehe. Kafara ni baina yake na Mola wake: kumwacha huru mtumwa muumini, na asiyempata afunge miezi miwili mfululizo. Akila mchana mmoja bila udhuru, anaanza upya. Ndiyo maana haanzi Shaabani, Ramadhani itamkatia.

Dia kamili ni ngamia 100. Kwa dhahabu ni dinari 1,000, kama kilo nne na robo. Mzigo huo fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, haikumbebesha peke yake aliyekosea: hulipwa na akila, yaani jamaa zake wa kiumeni, kwa miaka mitatu. (Hebu mpigie binamu yako leo umwambie alete fungu lake la ngamia.)

Mahakama za Bara hazihesabu ngamia. Sheria ya Kiislamu huingia humo kwenye ndoa na mirathi. Kwenye ajali linaulizwa swali la uzembe, na hasara inathibitishwa kwa risiti za hospitali na kipato cha aliyeumia. Kwa fiqhi, jicho moja ni ngamia 50, kidole 10, jino 5, awe fundi cherehani au mvuvi. Mahakamani kidole cha fundi cherehani kinaweza kuzidi cha mwingine. Na dia hugawanywa kama mirathi, wakati sheria ya madai inamtazama aliyekuwa akimtegemea marehemu.

Na kama mzee alikatiza barabara bila kutazama? Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Brunei mwaka 1993, lilisema kila mmoja abebe sehemu ya kosa lake. Mahakama zetu nazo hupunguza fidia kwa namna hiyohiyo.

Akila ya leo, kwa dereva wa Tanga, ni bima ndogo, ile ambayo Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169 ya sheria za nchi, inailazimisha kwa magari ili mtu wa tatu, yaani aliyegongwa, alipwe. Kesi ya jinai nayo ni ya Jamhuri, msamaha wa familia hauifuti. Bima italipa, wakili atasimama, lakini saumu hakuna wa kumfungia. Kashata inarudi tena, naye anaitazama jua linakozama.